Ubaguzi si ugonjwa wa wachache wenye roho mbaya

Dhana inayorudiwa sana, hata na wasomi, ni kwamba mbaguzi ni mtu mwenye kasoro. Alilelewa vibaya, anapenda ubabe, ana kisirani chake binafsi. Watu wa aina yake wakiondolewa madarakani na vitini, ubaguzi utakufa wenyewe.

Mwanasaikolojia wa jamii Thomas Pettigrew aliipima dhana hiyo tangu mwanzoni mwa kazi yake. Ni Mmarekani mweupe, mzaliwa wa 1931 wa Richmond, Virginia, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo yaliyoingia vitani kulinda utumwa. Alikua chini ya sheria zilizowatenga weusi na weupe. Chuo Kikuu cha Harvard alisoma kwa mwanasaikolojia Gordon Allport, aliyetoa mwaka 1954 kitabu kikubwa kuhusu chuki za makundi, na mwaka 1956, mwaka aliopata udaktari wake, akafika Afrika Kusini.

Miaka hiyo wanasaikolojia wengi waliamini kwamba chuki hutokana na haiba ya mtu: kuabudu wakubwa na kuwakandamiza wadogo. Kama ni hivyo, wanafunzi weupe waliokulia kwenye nchi ya apartheid wangetarajiwa kuwa na haiba hiyo kupita wenzao wa Marekani. Pettigrew aliwapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Natal, na mwaka 1958 akachapisha majibu: haiba yao haikuwa na tofauti ya maana na ya Wamarekani, lakini chuki yao kwa Waafrika ilikuwa kubwa mno. Aliyekuwa mwepesi wa kufuata desturi za jamii yake ndiye aliyeelekea kuchukia zaidi. Yaani mtoto mtiifu, jirani mwema, muumini asiyekosa ibada, anaweza kubeba ubaguzi mzito kwa sababu tu ndivyo kwao wanavyoishi.

Hilo linaniumiza, na nadhani linapaswa kutuumiza sote tunaozungumzia ukabila kana kwamba ni dhambi ya wanasiasa peke yao.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana Little Rock, Arkansas. Mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi walizuiwa kuingia shule ya sekondari ya weupe mpaka rais wa Marekani akatuma jeshi. Pettigrew na mwenzake Ernest Campbell waliwahoji wachungaji weupe wa mji huo. Wengi wao moyoni waliona kutenganisha watu ni kosa, lakini mimbarani walikaa kimya au walizunguka maneno, kwa kuwaogopa waumini wao. Moyo safi haukutosha kuwafungua midomo.

Dhana nyingine: wachanganye tu, watazoeana. Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inapotosha kirahisi. Bibi wa Kizungu na mpishi wake Mwafrika walikuwa chini ya paa moja kila siku Johannesburg, na apartheid haikutikisika. Allport alishasema kukutana kunasaidia zaidi pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Mwaka 2006 Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515, zenye watu zaidi ya 250,000 kutoka nchi 38. Karibu kila mahali waliochangamana zaidi walikuwa na chuki kidogo, na masharti ya Allport yalipotimia, tofauti iliongezeka. Ila yalionekana kuwa ya kusaidia, si ya lazima. Tafiti za baadaye za wawili hao ziliongeza jambo ambalo wanaharakati wa elimu ya darasani hawalipendi: kufundishwa habari za kabila au dini ya wenzako kunachangia kidogo. Kinachofanya kazi zaidi ni hofu kupungua na kuanza kuhisi machungu ya mwenzako.

Tusilibebe tokeo hilo kupita uzito wake. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck na wenzake walipochambua upya ushahidi, tafiti zilizogawa watu kwa bahati nasibu, wa kuchanganywa na wasiochanganywa, na kuwapima tena baada ya siku moja au zaidi zilikuwa 27 tu, na hakuna iliyogusa chuki za rangi au kabila kwa watu wazima waliozidi miaka 25. Watu wa umri huo ndio wanaoajiri, wanaopangisha nyumba na wanaopiga kura.

Wapo wanaodai kwamba pasipo ugomvi wa zamani hakuna ubaguzi. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake waliangamizwa na Wanazi, aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol makundi mawili kwa kisingizio kisicho na maana, kama vile kukadiria idadi ya nukta. Hawakuwa na historia wala masilahi, na fedha walizogawa hazikuwa zao wenyewe. Bado walipendelea kundi lao.

Dhana ya mwisho inatuhusu kwa karibu zaidi: kwamba lazima imani ya mtu ibadilike kwanza ndipo matendo yafuate. Paluck aliifanyia kazi Rwanda, kwa mchezo wa redio Musekeweya, hadithi ya vijiji viwili vya kubuni vyenye uhasama. Kwa mwaka mzima baadhi ya jamii zilisikiliza mchezo huo, nyingine zikasikiliza mchezo wa afya. Matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha kwamba imani za wasikilizaji hazikusogea sana. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa ni desturi ya watu wao: kuaminiana, kushirikiana, kupinga jambo hadharani. Mwishoni kila kundi lilipewa redio ya kaseti na kanda. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wao. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, kisha wakaelekea kuamua kuitunza pamoja.