Mgongo wazi si samaki aliyepasuliwa

Jumamosi iliyopita niliingia mkahawa mmoja hapa Nakuru, nikaona "mgongo wazi" umeandikwa ubaoni kwa chaki, nikakumbuka nyumbani Kisumu. Nikaagiza. Nikaletewa ngege (tilapia) mzima, amepasuliwa akafunguka kama kitabu, akakaangwa. Ni mara ya tatu mwaka huu jina hilo linapewa samaki asiye wake.

Mgongo wazi ni kichwa, uti na mkia wa mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, yaani kinachobaki kiwandani baada ya minofu ya mbavuni kukatwa. Minofu inasafirishwa ng'ambo, mifupa inakuja Obunga, mtaa wa Kisumu, akina mama wanaikaanga kwenye makarai na kuiuza. Maana ndiyo hiyo.

Kinachowapoteza watu ni "wazi". Wanasikia wazi ya mlango, kitu kilichofunguliwa, basi wanamfikiria samaki aliyepasuliwa. Lakini mtu anayetembea kichwa wazi hajapasuliwa kichwa, hana kofia tu. Aliye kifua wazi amevua shati. Wazi ya huyu mbuta ni hiyo hiyo: amevuliwa nyama, akabaki mgongo mtupu. Na "mgongo" hapa ni uti wa mgongo, ule mfupa wenyewe wenye miiba kama meno ya kitana. Aliyepasuliwa ana jina lake tangu zamani: ngege aliyefunguliwa na kuanikwa juani ni obambla. Ukivuka kwenda Mwanza, mbuta anaitwa sangara, na migongo wazi yao inaitwa mapanki. Ziwa moja, mfupa mmoja, na huko pia hakuna anayeuchanganya na samaki mzima.

Neno lenyewe ni changa. Mbuta alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vya minofu vikafuata baadaye. Nyanyangu alikua akila ngege, fulu na omena. Mgongo wazi aliukuta ukubwani, jina na chakula vyote pamoja.

Kuna kosa jingine, na hili linaniuma zaidi: kuuita makombo. Makombo yanatokana na kukomba, kukwangua chombo mpaka kiishe. Ni kile kilichobaki sahanini mtu akishakula. Mgongo wazi haujaliwa na mtu. Umekatwa kwa kisu ukiwa mbichi, na kwetu Nyalenda ulifika haujaguswa na jino la yeyote. Mama aliuchemsha tena na nyanya, kitunguu na dania mpaka rojo likawa zito, ugali ukasongwa, tukakaa chini. Kichwa kilikuwa cha baba. Sisi watoto tulikuwa na ramani yetu: nyuma tu ya kichwa, pale begani, kisu cha kiwanda hakifiki vizuri, na hapo hujificha kipande cha nyama nyeupe kama kidole gumba. Hicho kilikuwa cha aliyeenda kuchota maji siku hiyo, na mama alikitoa mwenyewe kwa vidole, akihakikisha hakina mwiba, kabla ya kumwekea mtoto juu ya ugali. Baada ya hapo kila mtu alifyonza mfupa wake, pingili kwa pingili. Mkia tulikuwa tumeuvunja mapema, kabla haujaingia sufuriani, ungali mkavu na unalia mdomoni. Mtu akiniambia nililelewa kwa makombo, namrudisha kwenye meza hiyo. Sijawahi kula chakula kilichogawanywa kwa uangalifu zaidi.

Basi pale mkahawani nikamwita mhudumu, kijana mpole wa miaka ishirini hivi. "Mama, si ndio huu?" akasema, akinionyesha alivyopasuliwa. "Mgongo uko wazi."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ni ngege, na ni mtamu, nitamla wote. Ila mgongo wake bado umevaa."