Kwa nini mbinu ya jujitsu ya Brazili ikaitwa Kimura?

Anayejifunza jujitsu ya Brazili hufundishwa mapema namna ya kumsokota mpinzani mkono kwa mbinu iitwayo Kimura. Jina hilo si la Mbrazili. Masahiko Kimura alikuwa bingwa wa judo kutoka Japani, ambako mbinu hiyo ilijulikana tangu zamani kwa jina la ude-garami, na walioibatiza upya ni wale wale aliowashinda.

Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Kimura alipambana na Hélio Gracie, mwalimu wa jujitsu wa Kibrazili aliyezaliwa Belém mwaka 1913, mtu mwembamba aliyezidiwa uzito na mgeni wake kwa kilo nyingi. Katika raundi ya pili Kimura alimlalia, akamkamata kifundo cha mkono, akapitisha mkono wake wa pili chini ya kwapa la Hélio na kujishika mwenyewe kifundo, kisha akausukuma mkono ule uliokunjwa kuelekea mgongoni, mahali ambapo bega haliwezi kuufuata. Aliyebanwa hivyo hupiga mkeka kwa kiganja kuonyesha kwamba amesalimu amri. Hélio hakupiga. Kimura alisimulia baadaye kwamba alisikia mfupa ukivunjika, na bado mwenzake alinyamaza, hadi kaka yake, Carlos, alipoamua kuyakatisha mapambano.

Wana Gracie wangeweza kuificha aibu hiyo, lakini waliigeuza somo, wakaipa mbinu hiyo jina la Kimura. Hélio alikuwa akifundisha kwamba mtu dhaifu akijua kutumia kiungo cha mpinzani kama wenzo humshinda mwenye nguvu. Simulizi ya familia, ambayo nadhani imetiwa chumvi kidogo, husema alianza kwa kutazama tu mafunzo kwa sababu ya afya mbovu. Kimura alikuwa na nguvu nyingi, lakini kilichouvunja mkono ule ni wenzo.

Mwaka 1993 mwanawe Hélio, Royce, aliwashinda wanaume watatu kwa usiku mmoja huko Denver, Marekani, na dunia ikaanza kujifunza jujitsu hiyo. Hélio alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Mjapani Kazushi Sakuraba alimnasa Renzo, mjukuu wa Carlos, kwa Kimura ile ile. Kiwiko kikateguka, na Renzo naye hakupiga mkeka.