Jeni tunazorithi na jeni zinazosomwa

Katika Kiswahili cha kila siku tunasema mtoto ni damu ya wazazi wake, na wengi huichukua kauli hiyo kana kwamba ni maelezo ya kisayansi: kwamba urithi umo ndani ya damu, na kwamba damu ya baba na ya mama huchanganyika tumboni kama rangi mbili zilizomiminwa katika ndoo moja. Kauli yenyewe ni nzuri na hakuna haja ya kuiacha, ila ina kichekesho ndani yake. Seli nyekundu, ambazo ndizo zinazoipa damu rangi yake, huondoa kiini chao kabla hazijaingia katika mzunguko, na kwa kuwa jeni, yaani maelekezo ya urithi, hukaa ndani ya kiini, seli hizo hazibaki na jeni za kupimwa. Mtaalamu anayechukua damu ili achunguze vinasaba anazitafuta seli nyeupe, ambazo ni chache mno zikilinganishwa na nyekundu.

Dhana ya kuchanganyika nayo haisimami. Ukichanganya rangi nyeupe na nyeusi utapata kijivu, na kijivu hicho hakitakurudishia weupe tena. Kama urithi ungekwenda hivyo, baada ya vizazi kadhaa viumbe wote wa aina moja wangefanana. Aliyelionyesha jambo hili kwa hesabu ni Gregor Mendel, mtawa wa Kikatoliki aliyeishi Brno, mji ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere kwa maelfu, akazichavusha kwa mkono, kisha akafanya jambo ambalo wachunguzi wa mimea wa zama zake hawakulizoea: akahesabu. Alipochavusha mimea ya mbegu za mviringo kwa chavua ya mimea yenye mbegu za mikunjo, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tupu. Alipoiacha mimea iliyoota kutokana na mbegu hizo ijichavushe yenyewe, mikunjo ilirudi. Katika mbegu 7,324 alizokusanya, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa na mikunjo, ambayo ni karibu tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa imepotea ilikuwa imejificha tu.

Maelezo yake, tukiyaweka kwa maneno ya leo, ni kwamba kila kiumbe wa namna hiyo hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa kila mzazi, na anapozaa humpa mtoto nakala moja tu kati ya hizo mbili, bila upendeleo. Makala yake ilichapishwa mwaka 1866 na ikakaa kwa zaidi ya miaka 30 bila kutiliwa maanani, mpaka ilipofukuliwa mwaka 1900.

Hapa kwenye suala la bila upendeleo ndipo mahali ambapo watu hukosea zaidi, na ningependa kukaa hapo kidogo. Wazazi wawili wanapoambiwa kwamba kila mmoja wao hubeba nakala moja yenye kasoro, na kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa, yaani aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wote wawili, ni moja kwa nne, wengi huhesabu vidole: tukishampata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata ni salama. Sivyo. Kila mimba ni kura mpya, na kura iliyopita haina kumbukumbu. Familia ya watoto wanne inaweza kuwa na wagonjwa wanne au isiwe hata na mmoja, na uwiano wa tatu kwa moja hujitokeza wazi pale tu unapohesabu wengi, kama Mendel alivyofanya na mbegu zake elfu saba na zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto mgonjwa kuzaliwa na wazazi wazima si ushahidi wa jambo lolote baya lililofanywa na mzazi yeyote.

Nakala hizo zimepangwa kwenye kromosomu, yaani nyuzi zilizomo ndani ya kiini cha seli, ambazo kwa binadamu ni 46, nusu za mama na nusu za baba. Idadi hiyo inaonekana rahisi leo, lakini vitabu vilifundisha kwa miongo kadhaa kwamba ni 48, na wanafunzi waliochungulia kwenye hadubini waliziona 48 kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Hesabu sahihi ilipatikana mwaka 1955. Yai au mbegu ya kiume inapoundwa, kila jozi kati ya zile 23 hutoa kromosomu moja bila kujali jozi nyingine imetoa ipi, na hilo peke yake linatoa michanganyiko zaidi ya milioni 8 kwa kila mzazi. Tena, kabla ya kuachana, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Si ajabu basi kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana kiasi cha watu kutilia shaka undugu wao.

Jeni yenyewe ni kipande cha molekuli ndefu ya DNA, ambayo huandikwa kwa herufi nne za kikemia, A, T, G na C. Seti moja ya DNA ya binadamu ina herufi karibu bilioni 3, na ndani yake kuna jeni takriban 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo hayo huchukua chini ya asilimia 2 ya herufi zote. Zilizobaki hazina kazi moja: nyingine ni mabaki ya kale yanayonakiliwa tu kizazi hadi kizazi, lakini nyingine ni swichi, na hizo swichi tutazirudia, kwa sababu ndizo kiini cha makala haya. Jeni inaposomwa, seli hutoa nakala ya muda inayoitwa RNA, na nakala hiyo hupelekwa kwenye ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, ambako kila herufi tatu hutafsiriwa kuwa kiungo kimoja cha protini, yaani asidi amino moja. Protini ndizo zinazofanya kazi zinazoonekana: kubeba oksijeni, kumeng'enya chakula, kuupa mwili umbo.

Turudi kwenye njegere ya Mendel, maana leo tunajua ni nini hasa kilichoikunja. Mwaka 1990 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba jeni inayohusika hutoa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, kinachotia matawi kwenye molekuli za wanga. Katika mbegu za mikunjo, kipande cha DNA cha herufi zipatazo 800 kimejipenyeza katikati ya jeni hiyo na kuiharibu. Wanga haujengeki inavyotakiwa, sukari hubaki nyingi ndani ya mbegu changa, sukari huvuta maji, na mbegu huvimba kupita kiasi. Ikikauka, maji hayo hutoka na ganda lililotanuka hubaki na mikunjo. Mmea wenye nakala moja nzima na moja iliyoharibika hutengeneza kimeng'enya cha kutosha, ndiyo maana mbegu zake huwa za mviringo. Kwa hiyo tunaposema sifa moja inatawala nyingine, hatumaanishi kwamba jeni moja imeipiga nyingine mweleka. Nakala moja inafanya kazi, nyingine haifanyi, na kazi ya nakala moja imetosha.

Mfano huo unatufikisha kwenye swali ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko lile la nani amerithi nini: ni jeni zipi zinazosomwa, na katika seli zipi. Seli ya ini na seli ya jicho la mtu mmoja zina DNA ileile. Kwa muda mrefu baadhi ya wanasayansi walifikiri kwamba seli inapobobea katika kazi fulani hupoteza jeni isizozihitaji, lakini kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996 kutokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo aliyekomaa, alithibitisha kwamba hata seli ya kiwele imebaki na kila kinachohitajika kumtengeneza kondoo mzima. Kinachotofautiana ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa.

Namna ya kufungua na kufunga ilieleweka kwanza kwa bakteria. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wakiwa Paris, walieleza jinsi bakteria wa utumbo wanavyozizuia jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa: protini moja hukaa mbele ya jeni hizo na kuziba njia, na sukari hiyo inapoingia ndani ya seli huisababisha protini iachie. Bakteria hatumii nguvu kutengeneza vimeng'enya vya chakula ambacho hakipo. Katika viumbe wakubwa mambo yana tabaka zaidi, kwani DNA yao imezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye vigurudumu; inaweza kukazwa isisomeke au kulegezwa isomeke, na baadhi ya herufi hubandikwa alama za kikemia ambazo seli hurithishana zinapogawanyika.

Paka wenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa ni ushahidi unaotembea. Karibu wote ni majike, kwa sababu jeni ya rangi hiyo iko kwenye kromosomu X, ambayo jike anazo mbili. Kila seli ya jike, mapema wakati wa ukuaji tumboni, huifunga X moja kwa bahati nasibu na seli zote zinazozaliwa nayo hufuata uamuzi huo, kama Mary Lyon alivyopendekeza mwaka 1961. Bakabaka la chungwa ni eneo la seli zilizofunga X moja, na jeusi ni la zile zilizofunga nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2001, paka wa kwanza kuzalishwa kwa kunakili seli alizaliwa Texas kutokana na jike mwenye mabaka ya aina hiyo. DNA ya kiini ilikuwa moja, lakini mtoto hakuwa na bakabaka lolote la chungwa. Anayedhani kwamba kumnakili mnyama wake ni kumrudisha, na wapo, angepaswa kumtazama paka huyo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa leo hawasomi mpangilio wa herufi peke yake. Hupima pia RNA iliyomo ndani ya seli, hata seli mojamoja, ili kujua ni jeni zipi zinazosomwa kwa wakati huo; huharibu jeni moja kwa makusudi katika mnyama au mmea wa maabara ili waone ni kazi gani imesimama; na hulinganisha vinasaba vya watu wengi kwa pamoja. Utafiti mkubwa wa urefu wa binadamu, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha watu zaidi ya milioni 5, ulibainisha tofauti zaidi ya 12,000 kwenye DNA zinazochangia urefu, kila moja kwa kiasi kidogo mno. Vichwa vya habari vinavyotangaza kupatikana kwa jeni ya urefu, ya akili au ya ukorofi vinastahili kusomwa kwa tahadhari.

Yapo hata hivyo magonjwa ambayo herufi moja inatosha kuyaleta, na selimundu ndiyo mfano unaojulikana zaidi. A moja imekuwa T katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, asidi amino ya sita ikabadilika, na himoglobini inayotokana na kosa hilo hushikana na kuwa nyuzi pale oksijeni inapopungua, ikiipinda seli nyekundu kama mundu. Mtoto aliyerithi nakala zote mbili zenye kosa hilo huzaliwa akiwa hana dalili, nazo huanza baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba tumboni alitumia himoglobini nyingine, ya mimba, inayotengenezwa kwa msaada wa jeni tofauti. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo hufungwa polepole na ile yenye kosa huchukua zamu. Jeni ya himoglobini ya mimba haiendi popote. Kila mtu mzima anayo, imenyamazishwa tu.

Wanasayansi walipogundua kwamba mnyamazishaji mkuu ni protini iitwayo BCL11A, njia ya tiba ilionekana, ila kulikuwa na kikwazo: protini hiyo ina kazi nyingine muhimu mwilini, hivyo haikuwezekana kuifuta kabisa. Walichofanya ni kukata swichi inayoiwasha katika seli zinazozalisha seli nyekundu pekee. Seli za shina za uboho, ambazo ndizo huzaa seli za damu, hutolewa, hukatwa swichi hiyo nje ya mwili kwa chombo cha kukatia DNA kiitwacho CRISPR, na kurudishwa baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Tiba hiyo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mnamo Novemba 2023. Herufi iliyokosewa haikuguswa, bali jeni iliyokuwa kimya imeanza kusomwa tena, na himoglobini yake inazuia zile nyuzi zisijengeke.

Seli zilizorekebishwa ni za uboho tu. Mayai au mbegu za kiume za mgonjwa hubaki kama zilivyokuwa, kwa hiyo mtu aliyepata nafuu kubwa kwa tiba hii bado atampa kila mtoto wake nakala ileile yenye T mahali pa A, na mwenzi wake anahitaji kupimwa kama ambavyo angehitaji kabla ya tiba.