Jibu la seva katika FTP: tarakimu tatu zinasema nini

Faili linapohamishwa kwa FTP, kanuni ya kuhamisha faili mtandaoni, programu yako na seva huwa zinaongea. Programu inatoa amri, tuseme RETR ya kuomba faili au STOR ya kulipeleka, na seva inajibu kwa namba ya tarakimu tatu ikifuatwa na maneno. Hilo ndilo jibu la seva. Maneno ni ya kusomwa na binadamu, na kila seva huyaandika inavyopenda, kwa hiyo maktaba (msimbo uliokwisha andikwa ambao programu huutumia) inayoyategemea itakwama siku seva ikibadilishwa. Ya kufuata ni namba.

Mpangilio wake umeelezwa katika RFC 959, hati ya kanuni za mtandao ya Oktoba 1985. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uamuzi. Moja: kazi imeanza, ngoja. Mbili: imekamilika. Tatu: lete kilichobaki, kama 331, ambapo seva imepokea jina na inataka neno la siri. Nne: imeshindikana kwa sasa, jaribu baadaye. Tano: imekataliwa. Maktaba ya ftplib ya lugha ya programu ya Python hugeuza 4 kuwa kosa la error_temp na 5 kuwa error_perm, nami naona huo ni mgawanyo wa busara, maana kurudia ombi lililojibiwa 550 ni kumbishia hodi mtu aliyekwisha hama.

Wengi huteleza kwenye kuhamisha faili lenyewe. Data haipiti njia ya mazungumzo. Ina muunganisho wake. Seva inasema 150, data inamiminika, kisha muunganisho wa data unafungwa. Je, faili limefika lote? Bado hujui. Kwa kawaida kufungwa huko ndiko alama ya mwisho wa faili, na njia ikikatika katikati huweza kuonekana vilevile. Ni lazima urudi kwenye mazungumzo usikilize: 226 ni salama, 426 ni kwamba uhamishaji umekatizwa. Usipolisoma jibu hilo, linabaki kwenye foleni. Amri inayofuata italipokea kana kwamba ni lake, na kuanzia hapo kila jibu liko nyuma kwa hatua moja. Katika ftplib, retrbinary, amri ya kupakua faili, hukusomea jibu hilo. Ukitumia transfercmd, inayokupa muunganisho wa data tu, kuita voidresp ili kulisoma jibu ni juu yako.

Jibu pia laweza kuwa na mistari mingi. Huanza na namba na kistari, mfano 220-, na halijaisha mpaka uje mstari wenye namba ileile ikifuatwa na nafasi. Mistari ya katikati inaweza hata kuanza na namba nyingine, usidanganyike.

Kuna wakati tarakimu ya kwanza haitoshi. Baadhi ya seva, ukiziomba orodha ya folda tupu kwa NLST, hujibu 550, ingawa hakuna kilichoharibika. Hapo maktaba impe mwandishi wa programu namba nzima, aamue mwenyewe.