Vijumba vya mchangani si vya viumbe waeleao

Wengi hudhani vijumba vidogo vya chokaa kwenye mchanga mweupe wa Unguja ni vya planktoni, yaani viumbe wadogo waeleao majini, walioletwa na mawimbi. Sivyo. Utazame kwa lenzi: vile vidonge bapa vinavyong'aa, vyenye upana wa milimita 1 hivi, aghalabu ni Amphistegina, foraminifera (kiumbe wa seli moja mwenye kijumba) anayeishi chini, miambani na kwenye mwani.

Foraminifera waeleao ni takriban spishi 50 tu, nao hustawi zaidi bahari kuu, si karibu na pwani. Karibu na delta ya Rufiji, msimu wa mvua, chumvi hupungua na tope huziba mwanga ambao baadhi yao huuhitaji sana. Wengine hushuka mamia ya mita wanapokua; kina hicho kipo kati ya Pemba na bara, hakipo kati ya Unguja na bara.