Fatiha ya mtu mzima, kati ya Magharibi na Isha

Nasomesha Qur'ani hapa Moshi. Kwa muda mrefu niliwasomesha watoto, na watu wazima nikawapa mawaidha tu: wanakaa, wanasikiliza, wanaitikia amin, wanatawanyika. Nilichelewa kuona kwamba mtu anaweza kusikiliza mawaidha miaka na miaka, Fatiha yake ikabaki na kasoro ileile, na anayesimama naye bega kwa bega asimjue hata jina.

Na Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani, ni nguzo ya sala. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, inamlazimu imamu, maamuma anayemfuata na anayesali peke yake. Ina aya 7, Bismillahi ikiwemo, na shadda 14, yaani alama za kukaza herufi. Kwenye shadda ndipo ndimi zetu zinapoteleza. Mtu anasoma "iyaka" kwa wepesi badala ya "iyyaka". Iyyaka ni "Wewe tu". Ukiangusha shadda, maana inahamia kwenye mwanga wa jua. Mwingine "an'amta", Wewe uliyewaneemesha, anaisoma "an'amtu", ikawa yeye ndiye aliyeneemesha! Hajui, na amesali hivyo tangu utotoni.

Wakati wa kuisahihisha tunao. Huku karibu na ikweta, kutoka Magharibi hadi Isha ni kama dakika 70. Ukitoa sala, sunna na nyiradi, zinabaki 40 hivi. Muuza nyanya wa Mbuyuni ameshafunga meza, na watu tayari wako msikitini, hakuna haja ya kuwaita mara ya pili.

Tunakaa duara kwenye busati. Mmoja anasoma aya moja tu, nairudia kwa usahihi, wote wanaifuata kwa pamoja. Sauti ya wengi humsitiri mwenye kosa. Aibu ndiyo inayowakimbiza watu wazima, kwa hiyo simkosoi baba mbele ya mwanawe. Kina mama wana duara lao baada ya Alasiri na ustadha wao, na kwa mahudhurio wanatushinda.

Kuna mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, aliyesumbuliwa na herufi dhadi ya "waladh-dhaallin", neno la mwisho la Fatiha. Nikamwambia: mzee wangu, ubavu wa ulimi uguse magego ya juu. Akawa anashika shavu kwa kidole, anajaribu, anatikisa kichwa. Usiku wa nne ikatoka. Kijana wa bodaboda aliyekaa pembeni yake akasema, "Maashaallah, babu," na duara zima likaitikia.

Hadithi ya Ibn Umar, sahaba wa Mtume, inasema sala ya jamaa inaizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27. Tulikuwa tukiisoma kwenye mawaidha kila mara. Siku hizi, babu asipoonekana Magharibi, yule kijana hungoja tu taslimu ya kumaliza sala, akaniambia, "Ustadhi, naenda kumtazama," na pikipiki yake ikaelekea Pasua.