Je, wajua kwa nini wale vijana wa shati jeupe hawatembei peke yao?

Ukikaa Mwanza wiki mbili tatu lazima utawaona. Wanashuka vile vingazi vya mawe vya Mabatini, au wamesimama Buzuruga wanasubiri daladala, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, begi mgongoni, jasho linatiririka. Wawili. Kesho utawaona tena, wawili. Mtaani kwetu majibu yalikuwa mengi: wauza bima, majasusi, wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT waliotumwa kufanya utafiti. Fundi baiskeli mmoja aliniambia kwa uhakika wote kwamba ni ndugu mapacha, ingawa mmoja alikuwa mzungu na mwenzake mtu wa Kampala.

Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830 na ambalo leo makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah. Wengi wetu tunawaita Wamormoni, kutokana na Kitabu cha Mormoni wanachokisoma pamoja na Biblia. Tangu 2018 kanisa lenyewe linaomba liitwe kwa jina kamili, ombi ambalo sioni konda wa daladala akilitekeleza. Wamisionari wake duniani ni zaidi ya 70,000, wengi wao vijana. Mvulana anaweza kuanza akiwa na miaka 18 na hutumika miezi 24. Binti hutumika miezi 18. Hawachagui nchi. Unaomba, barua inakuja na jina la mahali, unafungasha.

Sasa, kwa nini wawili? Jibu lao la kwanza limo kwenye Biblia zetu pia: Marko 6:7 na Luka 10:1, Yesu anawatuma watu wake wawili wawili. Agizo hilo likarudiwa mwaka 1831 kwenye andiko lao lingine, Mafundisho na Maagano, sehemu ya 42. Lakini ukiangalia wanavyoishi utaona kuna hesabu nyingine ndani yake. Kijana wa miaka 19, ugenini, anaingia nyumba za watu asiowajua. Akiwa na mwenzake ana shahidi, ana mtu wa kumshika mkono akiteleza kwenye majabali ya Igogo wakati wa mvua, na ana mtu wa kumzuia asifanye ujinga. Kanuni inasema mwenzako uwe unamwona na kumsikia muda wote, ukiacha bafuni na chooni. Wanalala chumba kimoja, vitanda viwili. Na huyo mwenza hukumchagua. Unaweza kupangwa na mtu anayekoroma, anayeimba asubuhi, asiyejua kuosha sufuria, ukaishi naye hivyo hivyo mpaka uongozi utakapowatenganisha.

Kanuni hiyo inaeleza jambo jingine linalowashangaza akina mama. Wakifika nyumba ambayo yupo mwanamke peke yake, hawaingii ndani. Watabaki nje, au watarudi siku ambayo kuna mtu mzima mwingine. Jirani yangu mmoja alidhani wanaidharau sebule yake.

Halafu kuna suala la majina. Hawatumii jina la kwanza, wanatumia cheo na jina la ukoo. Kwa Kiingereza cheo cha mvulana ni Elder, na machapisho ya kanisa kwa Kiswahili yameamua kusema Mzee. Binti ni Dada, hilo halina tatizo. Lakini mtoto mwenye chunusi, ndevu bado hazijaamua kuota, anasimama mbele ya bibi wa miaka sabini na kusema, "Shikamoo, mimi ni Mzee fulani." Nilikuwepo siku moja. Bibi aliitikia marahaba, akamtazama kuanzia kiatu hadi nywele, akauliza, "Mzee wa wajukuu wangapi?"

Siku yao inaanza saa 12:30 asubuhi. Mazoezi kidogo, kuoga, kifungua kinywa, kisha masomo: kila mmoja peke yake, halafu kwa pamoja, halafu lugha. Mgeni wa Kiswahili anahangaika na ngeli kama kila mgeni, ila kinachomwangusha hasa ni saa. Anaambiwa, "Njoo saa mbili," anafika saa nane mchana akiwa na tabasamu, kumbe mwenyeji alimsubiri asubuhi akakata tamaa akaenda zake soko la Mwaloni kwenye dagaa. Baada ya masomo wanatoka, na usiku kwenye saa tatu wawe wamerudi walikopanga. Saa 4:30 taa zinazimwa. Televisheni hakuna, sinema hakuna, mchumba hakuna kwa muda wote huo. Simu wanayo, ya kazi.

Huko nje wanafanya nini mchana kutwa? Wanapiga hodi. Na hapa ndipo Mwanza inapowachanganya. Kijana aliyekulia Marekani amesikia toka utotoni kwamba kazi hii ni kufungiwa milango usoni. Anakuja amejiandaa kukataliwa. Anafika Mabatini, anaita hodi, anajibiwa karibu. Nyumba ya pili, karibu. Ya tatu, karibu, tena anavutiwa kiti cha plastiki, kinapanguswa vumbi kwa upande wa kanga. Kwa wiki ya kwanza anaandika nyumbani kwamba mji mzima unataka kubatizwa. Inamchukua muda kuelewa kwamba "karibu" ni adabu, na kwamba "Jumapili nitajitahidi" maana yake siji. Mtu wa huku hakufukuzi. Atakusikiliza mpaka mwisho, atakusindikiza hadi barabarani, na Jumapili atakwenda kanisani kwake, AIC, Katoliki au Wasabato, alikobatiziwa yeye na mama yake.

Na ukikaribishwa, inakuja chai.

Kanisa lao lina agizo la afya la mwaka 1833 liitwalo Neno la Hekima: pombe hapana, tumbaku hapana, na "vinywaji vya moto" hapana. Viongozi wao walikwishafafanua kwamba vinywaji hivyo ni kahawa na chai ya majani. Joto lenyewe si kosa. Uji wa moto unaruhusiwa, maziwa ya moto yanaruhusiwa, lakini chai ya majani hairuhusiwi hata ukiiweka kwenye friji mpaka igande. Sasa waeleze hilo mtaa ambao chai ndiyo salamu yenyewe. Yule bibi wa wajukuu alikuwa ameshamimina vikombe viwili, chai ya maziwa yenye tangawizi, na kisahani cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa pembeni. Mzungu alishika kikombe kwa mikono miwili bila kukipeleka mdomoni. Mganda, mwenye akili za kwetu, ndiye aliyemwokoa: "Bibi, sisi majani ya chai yametukataa. Ila michembe hii haitoki hapa." Akala mpaka kisahani kikabaki cheupe. Bibi alinung'unika kwamba chai haijawahi kumpeleka mtu jehanamu, lakini hakuonekana kukasirika. Aliuliza swali moja tu la maana: mchaichai nao umekatazwa? Haukukatazwa. Mchaichai ni nyasi tu.

Jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza kuliko chai ni ziwa. Hawa vijana wanaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na hawaruhusiwi kuogelea. Si kwa sababu ya kichocho wala mamba, ingawa kwa Victoria hizo ni sababu tosha. Ni kanuni ya wamisionari wao popote walipo, ya usalama. Jua linachoma, watoto wanajirusha majini kutoka kwenye mawe, nao wanasimama na tai zao wanatazama. Na hapo hapo, ubatizo wao ni wa kuzamishwa mwili mzima, na pasipo na kisima cha ubatizo mto au ziwa hutumika. Kwa hiyo mmisionari anaweza kuingia majini hadi kiunoni akiwa kazini, akamzamisha mtu, akatoka. Kupiga mbizi kidogo kabla ya kutoka, hapana.

Kwa kawaida Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumua. Wanafua, wananunua mahitaji, wananyoa, wanawasiliana na nyumbani. Zamani walikuwa wakiandika barua na kupiga simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 wakaruhusiwa kupiga kila wiki. Ukitaka kujua mmisionari amekaa Mwanza muda gani, mtazame anavyofua. Mpya anasugua kola kwa ncha za vidole kama anaogopa kuiumiza. Wa mwaka mzima ana beseni mbili, anafikicha kwa kiganja mpaka povu linalia, anatia buluu kwenye maji ya mwisho, anaanika shati likiwa limepinduliwa ndani nje lisipauke.

Mshahara hawana. Wanaotoka Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi, kiwango kilichoanza Julai 2020, kutoka akiba zao, familia zao au waumini wenzao. Fedha hizo huingia mfuko mmoja, ili aliyepelekwa Tokyo asiumie kuliko aliyepelekwa hapa. Wanaotoka nchi zetu huchangia kulingana na uwezo. Na hawaruhusiwi kukopesha, jambo ambalo limewaudhi watu kadhaa mtaani kwetu, nisiwataje.

Watu wa ziwa hili hawajaanza jana kupokea wageni wenye vitabu. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari cha Uingereza, walifika Kageye mwaka 1877, na Desemba ya mwaka huo huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walijenga Bukumbi mwaka 1883. Alexander Mackay, naye wa CMS, alikufa kwa homa Usambiro mwaka 1890. Wale walikuja bila tarehe ya kurudi. Hawa wa leo wana tiketi ya kurudi, na hata ndani ya miezi 24 hawakai sehemu moja: kila baada ya wiki kama sita uongozi hupanga upya, huyu abaki, yule ahame, mwenza mpya aje. Ndiyo maana ukimzoea mmoja, siku unayotaka kumwuliza jambo unakuta yuko Arusha.

Mzungu wetu alihamishwa hivyo, bila kuaga nusu ya mtaa. Mganda akaja na mwenza mgeni, kijana mrefu aliyekuwa bado anainamisha kichwa kupita milango ambayo haikuwa mifupi kiasi hicho. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Bibi hakumwuliza kuhusu wajukuu. Aliingia jikoni, akatoka na birika, na yule mgeni, ambaye alikuwa amefundishwa nini cha kukataa, akaanza kutikisa mkono kwa adabu.

"Acha ushamba," bibi akamwambia, akimimina. "Huo ni mchaichai."